Mbiu Isiyo na Jambo

Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii aghalabu hutumika kumwonya msikilizaji: asipuuze, asimame, atege sikio. Lakini ndani yake mna onyo jingine lisilosemwa sana, nalo linamhusu yule aliyeshika pembe. Mji ulitoka majumbani kwa sauti ya mbiu kwa sababu mpiga mbiu hakuipuliza ila kwa jambo: baraza la wazee, chombo kilichopotea, maiti ya kuzikwa, hatari inayokuja. Lau angeipuliza kila asubuhi kuwatangazia watu bei ya maandazi ya mkewe, siku ya kwanza wangekasirika, siku ya pili wangecheka, na siku ya tatu wangeendelea na kazi zao. Siku ya moto angepuliza peke yake.

Nimeikumbuka methali hii kwa ajili ya kitu kidogo kilichomo mfukoni mwa kila mmoja wetu. Simu inalia. Namba ni ngeni. Ukipokea, husikii pumzi wala salamu ya mtu, bali sauti iliyorekodiwa, changamfu, inayokutaka ubonyeze tarakimu fulani upate wimbo, au uingie katika bahati nasibu, au uchukue mkopo ambao hukuuomba. Unakata. Kesho inalia tena. Siku nyingine sauti ni ya mtu kweli, naye anakuita kwa jina lako kamili na kukwambia kuwa laini yako itafungwa usipomtajia namba zako za siri.

Swali langu katika makala hii ni jepesi kuulizwa na zito kujibiwa. Anayemwita mtu asiyemjua, kwa mtambo usiojua unamwita nani, kwa jambo ambalo aliyeitwa hakuliomba, anamkosea nini hasa? Na je, serikali yaweza kutukinga na kosa hilo, au kosa lenyewe limekaa mahali ambapo mkono wa sheria unafika nusu tu?

Naandika kutoka Igoma, upande wa mashariki wa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Msomaji wa visiwani alijuaye jina hili huenda analijua kwa jambo moja tu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa hapa Igoma, na makaburi yao yapo hata leo. Mwaka ule simu za mkononi hazikuwa mikononi mwetu. Habari ilikuja kwa redio na kwa miguu ya watu, na waliokuwa wakingoja ndugu zao waliingoja kwa kusimama ufukweni.

Nanyi mliopo huko baharini hamhitaji kufundishwa na mtu wa ziwani. Mwakumbuka Septemba 10, 2011, Spice Islander ilipozama Nungwi ikielekea Pemba. Mwakumbuka Julai 18, 2012, Skagit ilipozama karibu na Chumbe. Safari hizo simu zilikuwapo. Watu walipiga na kupiga. Kuna namba zilizolia mpaka zikanyamaza, na kuna namba ngeni zilizolia katika nyumba za watu zikileta sauti ya mpendwa aliyeokolewa, akisema kwa simu ya kuazima kuwa yu hai. Mtu wa visiwani, wa bahari au wa ziwa, hajifunzi kupokea simu kwa adabu ya mjini. Anajifunza kwa vyombo vinavyozama.

Mimi mwenyewe nina mifano miwili, na bila ya hiyo nisingeandika.

Kaka yangu mkubwa aliishi Ukara, kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe. Alhamisi ya Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Jioni ile simu yangu ililia kwa namba nisiyoijua. Nikapokea kabla mlio wa pili haujaisha. Alikuwa kaka. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, ameazima ya mvuvi. Akasema maneno matatu tu, kuwa hakuwamo ndani yake, na laini ikakatika. Maneno matatu yalinitosha nikae chini.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2023. Katika miaka ile mitano simu yangu ilikuwa imegeuka. Namba ngeni hazikuwa tena za watu. Zilikuwa za sauti zilizorekodiwa, za wauza mikopo, na za wale wanaotuma ujumbe unaosema kuwa ile pesa niitume kwa namba hii. Nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu nikauita busara. Nikajiwekea kanuni ya kutopokea namba nisiyoijua na kutosoma ujumbe wa nisiyemjua. Alasiri moja namba ngeni ikapiga mara tatu. Sikupokea. Ukafuata ujumbe ulioanza kwa maneno, “Mzee piga namba hii haraka.” Nikaufuta, maana ndivyo matapeli wanavyoanza. Kesho yake saa nne asubuhi mpwa wangu aliyeko Nansio akanipigia kwa namba ninayoijua, akaniambia kuwa kaka amefariki usiku na kwamba watu wa Ukara walinitafuta tangu jana ili niwahi kumwona. Nilifika akiwa amekwisha zikwa.

Jirani yake, yule aliyepiga, alinipokea kwa heshima. Akaniamkia, akanipa pole, akasema, “Tulikupigia, Mzee, tukajua labda huko hakuna mtandao.” Hakunilaumu. Nami sikumwambia kuwa mtandao ulikuwapo, na simu ilikuwa juu ya meza, mbele ya macho yangu.

Basi nirudi katika swali: nilikosewa nini, na nani? Jibu la haraka ni kuwa simu hizi ni za uongo. Nyingi ni za uongo, ndiyo; lakini ile sauti inayonitangazia wimbo haidanganyi. Wimbo upo, bei ni ile iliyotajwa. Jibu la pili ni kuwa zinanigharimu. Hapa petu anayepokea halipi, anayepiga ndiye alipaye. Jibu la tatu ni kuwa ni kelele. Lakini kelele tumeizoea. Katika soko letu la hapa Igoma kuna kipaza sauti kidogo kilichofungwa juu ya baiskeli, kimerekodiwa sauti ya mwenyewe, nacho hutaja tangu asubuhi mpaka magharibi dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Sauti ile nayo ni ya mtambo, nayo sikuiomba. Mbona hainiudhi? Huwa nacheka, na mara mbili nimenunua.

Tofauti ni kuwa kipaza sauti cha sokoni hakiniiti mimi. Kinaita soko. Mimi ndiye niliyetoka nyumbani nikaenda mahali pa kuuziana, ambapo kila mmoja ana haki ya kunadi. Nikipita bila ya kugeuka sijamvunjia mtu adabu. Simu haiko hivyo. Mlio wa simu ni wito wa mtu mmoja kwa mtu mmoja. Inapolia, ni mimi ninayetakiwa, popote nilipo: katika swala, katika chakula, kando ya mgonjwa. Kwa hiyo simu haikupaswa kulinganishwa na soko. Ilipaswa kulinganishwa na mlango.

Na mlango, kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili, una neno lake. Hodi. Neno hili ni dogo, lakini lina sharti tatu ndani yake. Kwanza, anayelitoa yupo pale. Sauti yake ni dhamana ya nafsi yake, na ukimuuliza ni nani atajitaja. Pili, akishalitoa anangoja. Hodi bila ya kungoja si hodi, ni kuvamia kwa maneno. Tatu, mwenye nyumba ana haki ya kutoitikia, na mgeni ana wajibu wa kurudi bila ya kinyongo. Waislamu wanajua kuwa adabu hii imo katika Sura ya Nur: msiingie nyumba zisizo zenu mpaka mwombe ruhusa na kuwatolea salamu waliomo, na mkiambiwa rudini, basi rudini. Sura hiyohiyo inataja nyakati tatu za siku ambazo hata watumishi na watoto wa nyumbani hutakiwa waombe ruhusa. Na mafunzo ya Mtume yameweka idadi: hodi ni mara tatu, kisha mtu aende zake. Lakini adabu hii si ya Waislamu pekee. Nimeikuta kwa wavuvi wasiosali kokote.

Sasa upime ule wito wa mtambo kwa sharti hizi tatu. Hakuna aliyesimama mlangoni. Sauti iliyorekodiwa ilitamkwa miezi iliyopita na mtu aliyelipwa, ambaye wakati inakuita yeye huenda amelala. Haingojei, kwani huanza kusema kabla hujajibu salamu, na ukisema “naam” haisikii. Wala hairudi ukiikataa. Kukata simu ni sawa na kumfungia mlango upepo. Hili ndilo kosa, kwa maoni yangu. Mtambo unadai kwangu jambo ambalo ni la mtu kwa mtu, yaani niache nilichoshika, nigeuke, niseme “karibu,” na upande wa pili hakuna anayekaribishwa. Nimetoa ukarimu, na hapakuwa na mgeni.

Tena si kosa langu peke yangu nililotendewa. Lingekuwa hilo tu ningelisamehe, maana muda wangu si wa dhahabu. Aliyekosewa zaidi ni yule jirani wa kaka yangu. Yeye alibisha hodi kwa sharti zote. Alijitaja, alingoja, alipiga mara tatu akaacha. Lakini alipofika mlangoni kwangu alikuta watu wengine wamekwisha kuutumia uaminifu wote uliokuwa pale. Waliompokonya hawamjui. Uaminifu wa mlio wa simu ni kama kisima cha kijiji: hakuna aliyekichimba peke yake, na anayekichafua kwa faida yake hamnyimi maji jirani mmoja, anawanyima wote, na wa kwanza kuona kiu ni yule asiyekuwa na kisima kingine. Mwenye namba inayojulikana, mwenye simu yake, mwenye salio, atasikilizwa. Asiyesikilizwa ni yule anayepiga kwa simu ya kuazima.

Hapa nataka kusema neno moja kama mfasiri, kazi niliyojifunza bila ya mwalimu na kwa hiyo naifanya kwa woga. Sheria za nchi yetu ziliandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi, na ni mwaka 2021 tu Bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Katika sheria za mawasiliano mna istilahi ambayo kwa Kiswahili twaweza kuifasiri kwa njia mbili: mawasiliano yasiyoombwa, au mawasiliano yasiyotakiwa. Mfasiri mvivu atadhani ni kitu kimoja. Mimi simu ya kaka sikuiomba mwaka 2018. Lakini hakuna jambo nililolitaka kuliko hilo. Na sauti ya mikopo naweza kuwa niliiomba bila ya kujua, kwa kutia alama chini ya karatasi ndefu nisiyoisoma. Kuomba ni tendo la mdomo au la kidole. Kutaka ni jambo la moyo. Sheria haina budi kushika lile la kwanza, kwani la pili haliwezi kuthibitishwa mahakamani. Tangu hapo, tusishangae sheria ikifika nusu ya njia.

Lakini nusu ya njia ni njia, na haki inataka tuitaje. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyohiyo ikaweka baraza la kuwasemea watumiaji. Ikafuata Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kisha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, yenye kifungu kuhusu ujumbe usioombwa, kisha kanuni za kumlinda mtumiaji za mwaka 2018. Kuanzia Mei 2019 kila laini ilitakiwa isajiliwe upya kwa alama ya kidole, na Januari 20, 2020 ikawa siku ya mwisho. Leo mtu anaweza kubonyeza *106# akaona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na akipata ujumbe wa kitapeli anaweza kuupeleka kwa namba 15040. Wananchi wameambiwa kuwa huduma kwa wateja ya makampuni ya simu huwapigia kwa namba 100 tu, na anayejidai kuwa wa kampuni kwa namba nyingine asisikilizwe. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imempa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, na ikaweka Tume ya kulisimamia hilo. Na kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano, ninayoyasema Igoma yanamhusu pia msomaji wa Wete.

Ukiziangalia hatua hizi kwa pamoja utaona kuwa serikali imejaribu kurejesha sharti ya kwanza ya hodi: kwamba nyuma ya kila sauti pawe na mtu mwenye jina. Kidole kwenye mashine ya usajili ni kama kumwambia mgeni, “Wewe nani?” Ni jambo jema. Lakini tapeli naye alijifunza. Bibi kizee anakwenda kusajili laini moja, wakala asiye mwaminifu anamwambia kidole hakikushika, aweke tena, na tena; anarudi nyumbani na laini moja, na jina lake linabaki na nyingine mbili asizozijua. Na kuna gharama ambayo hatuna budi kuikiri: Januari ile ya 2020 wapo watu waliofungiwa laini, si kwa kuwa walimdanganya mtu, bali kwa kuwa hawakuwa wamepata kitambulisho cha taifa. Ili tumjue mwizi, tulimfungia mlango mkulima.

Majirani nao wamehangaika. Kenya ilitunga sheria yake ya taarifa binafsi mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia namba za watu waliotajwa na wakopaji bila ya idhini yao. Huku kwetu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Msomaji anayejua mambo ya mikopo hiyo anajua inavyodaiwa: hapigiwi mkopaji peke yake, bali shemeji yake, mwalimu wake wa madrasa, bosi wake, na kila aliyemo katika orodha ya simu yake. Hapo mlango wa mtu mmoja umetumika kuingilia nyumba za watu mia.

Marekani walitutangulia. Mwaka 1991 walitunga sheria ya kuzuia sauti zilizorekodiwa kupigwa majumbani bila ya ridhaa. Mwaka 2003 wakaanzisha daftari la taifa la wasiotaka kupigiwa na wafanyabiashara, na leo daftari hilo lina zaidi ya namba milioni 240. Wafanyabiashara waaminifu waliliheshimu. Wasio waaminifu hawakulisoma. Januari 2024, siku mbili kabla ya kura ya mchujo katika jimbo la New Hampshire, wapiga kura walipigiwa simu kwa sauti iliyofanana na ya Rais Biden ikiwaambia wasipige kura. Ilikuwa imetengenezwa kwa akili mnemba. Mwezi uliofuata mamlaka yao ya mawasiliano ilitamka kuwa sauti za namna hiyo nazo zimo katika katazo la 1991, na mwaka huohuo ikamtoza aliyepanga jambo lile faini ya dola milioni 6. Ninalitaja tukio hili kwa sababu linagusa sharti ya kwanza ya hodi penyewe. Zamani tulidhani sauti ya mtu ni dhamana ya nafsi yake. Sasa sauti yaweza kuja na nafsi isiwepo.

Najua kuna watakaonipinga, na baadhi ya hoja zao ni za haki. Watasema kuwa mtambo huohuo unaokuuzia wimbo unaweza kuokoa uhai. Ni kweli. Tangu mwaka 2012 kina mama wengi wa nchi hii wamepokea ujumbe wa Wazazi Nipendeni, unaowakumbusha siku za kliniki na dalili za hatari katika mimba. Ujumbe ule unatumwa na mtambo, wala hakuna aliyeuchukia. Lakini tazama ulivyoanza: mama mwenyewe ndiye aliyetuma neno kwa namba 15001. Yeye ndiye aliyebisha hodi, na mtambo ukaitika. Kwa hiyo sina ugomvi na mtambo. Ugomvi wangu ni na nani aliyetangulia kuuita mwenzake.

Watasema tena kuwa mfanyabiashara mdogo naye ana haki ya kutafuta riziki. Anayo. Kijana anayeuza nguo za mtumba hapa Igoma hunipigia akifungua robota jipya, kwa kuwa nilimwachia namba. Anajitaja, anauliza kama yuko salama kunisumbua, nikimwambia sina pesa anacheka na kuniaga. Sheria isimguse mtu huyu. Na kama sheria haiwezi kumtofautisha na mtambo unaopiga namba elfu kumi kwa saa, basi sheria hiyo iandikwe upya.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua mimi mwenyewe. Nani atamlinda mtu na mlinzi? Ili serikali izuie simu zisizotakiwa inabidi ijue nani anampigia nani. Mwenye ufunguo wa kuufunga mlango ana ufunguo wa kuufungua pia. Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inataka mawasiliano ya mtu yahifadhiwe na kuheshimiwa. Na heshima hiyo haisemi kuwa ni kwa wafanyabiashara tu. Jibu langu ni kuwa ulinzi uliobora ni ule unaompa mwenye nyumba komeo, kuliko ule unaomwekea askari sebuleni. Haki ya kukataa, haki ya kujua namba yangu waliipata wapi, haki ya kuona laini zilizoandikwa kwa jina langu: haya ni makomeo. Wenye mitambo ya kupigia maelfu ndio wapekuliwe. Wanaopiga mmojammoja waachwe.

Na tusisahau kuwa milango mingine tumeiacha wazi wenyewe, au tumelazimishwa kuiacha. Kila nikitoa pesa kwa wakala naandika jina na namba yangu katika daftari la shule lililolala juu ya kaunta, ambalo kila anayengoja zamu anaweza kulisoma. Katika ofisi nyingi mlinzi wa getini hunitaka niandike hivyohivyo. Hatuwaulizi daftari likijaa linakwenda wapi. Sheria ya 2022 inawahusu na hawa, lakini sijaona bado aliyelifunika daftari.

Yanayobaki si ya serikali. Kama kosa la mbiu isiyo na jambo ni kuua usikivu wa mji, basi hasara haiishi kwa kumwadhibu mpiga mbiu. Mji nao unatakiwa uamue kama utaendelea kusikiliza. Mimi niliamua kutosikiliza, na uamuzi ule ulikuwa wangu. Walioniuzia mikopo walinichosha, lakini kidole kilichofuta ujumbe wa jirani wa kaka yangu kilikuwa changu. Siwezi kukitwika kampuni yoyote.

Tangu hapo nimerudi katika desturi ya zamani. Namba ngeni ikilia napokea. Natoa salamu, kisha nanyamaza na kungoja. Mtambo hauijui salamu. Huendelea na maneno yake, nami hukata bila ya hasira. Tapeli huijibu kwa pupa, akitaka kufika kwenye pesa. Mtu mwenye jambo huijibu kwa ukamilifu wake, hata akiwa na haraka, kisha anajitaja. Sisemi kuwa ni kinga. Mara mbili mwaka huu nimepotezewa muda, na mara moja nusura nidanganyike. Lakini muda huo nauhesabu kuwa ni kodi ya mlango.

Ile namba ya mvuvi wa Ukara nimeihifadhi kwa jina la kaka. Najua haina faida. Siku nyingine atakayenitafuta kwa shida hatakuwa na simu ile. Ataazima ya mtu mwingine, nayo italia hapa Igoma ikiwa ngeni kabisa.